Mtoto wa Adabu Hapigi Kelele

Wavinya hakuweza kumpigia baba yake kelele, hata kwa mchezo, na shida yote ilianzia hapo.

Ilikuwa likizo ya Agosti. Vijana wa kanisa walikuwa wamepanda vilima vya Kilungu na mahema ya kuazima, na Nyamai, baba yake Wavinya, alikuwa amewapanga kwenye uwanda wa nyasi chini ya jabali akiwafundisha kupotea. Ndivyo alivyopenda kusema. Kupotea ovyo kila mtu anajua, alisema, yeye anafundisha kupotea vizuri.

"Ukijua umepotea, usitafute njia," aliwaambia. "Kumbatia mti ukae hapo hapo mpaka uote mizizi. Ukisikia unaitwa, usiende. Umenisikia? Usiende. Piga kelele ukiwa umekaa. Sisi ndio tutakuja."

Kisha akajificha nyuma ya mwamba ili awajaribu, akaita jina la kwanza. Kimya. Akaita tena. Alipochungulia alimkuta msichana amesimama mbele yake, mikono nyuma na kichwa chini, kama anayengoja kutumwa chumvi. Akaita wa pili, naye akaja vile vile. Wa tatu akaja mbio, lakini bila kutoa neno. Watoto waliolelewa vizuri huko kwao hawamjibu mkubwa kwa kupayuka kutoka mbali. Mkubwa akikuita unaacha ulilokuwa ukifanya, unakwenda mpaka alipo, ndipo unaitika, na unaitika polepole. Anayejibu "Niko huku!" kutoka nyuma ya nyumba ni yule ambaye mama yake atasemwa siku akitafutiwa mchumba.

"Mwalimu, hawa ni watoto wamelelewa," alisema Pasta Kimeu, ambaye alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki alichobebewa mlima mzima.

"Pasta, nimewaambia wakae."

"Lakini si ni wewe umewaita?"

Vijana wakacheka. Nyamai naye akacheka, ingawa hakupenda. Akaita jina la bintiye, na Wavinya, msichana wa miaka kumi na minne, akaja na kusimama mbele yake kama wenzake.

"Rudi. Kaa pale. Nikikuita piga kelele."

"Nikisema nini, baba?"

"Sema chochote! Sema, baba niko huku!"

Wavinya alirudi, akakaa, akaitwa, akafungua mdomo. Sauti iliyotoka labda sisimizi waliisikia. Wenzake walivunjika mbavu. Nyamai akaona jua linapungua na bado hajawafundisha kuwasha moto, akasema hilo la kelele watalirudia kesho. Afadhali angekesha nalo.

Kazi hii aliitaka mno. Miaka mingi alikuwa ameongoza wageni huko Chyulu, kupita Kibwezi, mpaka wageni wakapungua na yeye akapunguzwa pamoja nao. Pasta Kimeu alikuwa amemwahidi kwamba kambi hii ikienda salama, kila likizo itakuwa yake. Kwa hiyo Nyamai alikuwa akikubali kila kitu. Alikubali mkewe Mutanu apike bila malipo. Na filimbi za dharura zilipopungua moja, Nzisa, mpishi wa pili, ambaye bintiye alikuwa kambini, alisema mbele ya watu, "Kwani mtoto wa mwalimu anataka filimbi ya nini? Si baba yake ndiye filimbi?" Nyamai akaivua ile ya shingoni mwa Wavinya, akampa mtoto wa Nzisa. Wavinya aliinamisha kichwa ili kamba ipite.

Jioni hiyo wasichana walitumwa kuni.

Ukungu wa Kilungu mwezi wa nane haupigi hodi. Unaangalia mikaratusi ya ng'ambo, unainama kufunga mzigo, ukiinuka mikaratusi haipo. Wavinya alikuwa amesahau kamba yake kwenye kisiki, akawaambia wenzake wamngoje. Walisikia nyayo zake zikienda juu ya majani makavu. Hawakuzisikia zikirudi. Walingoja mpaka wakaanza kuogopana wenyewe kwa wenyewe, wakashikana mikono, wakashuka.

Mutanu alikuwa akikoroga uji alipoona kundi limepungua. Alijua ni nani kabla hajaambiwa, akautupa mwiko.

Waliita mpaka giza likaingia. Hapo ndipo watu walipoanza kulijua jabali lile. Ukiita "Wavinyaaa!", jabali lilimeza jina, likakaa nalo kidogo, kisha likalirudisha kutoka upande mwingine, upande wa korongo, kwa sauti yako wewe mwenyewe lakini imechoka zaidi. Ilikuwa kana kwamba kuna watu wengine ng'ambo ya ukungu wanaomtafuta mtoto yule yule. Pasta Kimeu aliita mara chache tu. Aliposikia sauti yake ikimrudia, nzito, haina haraka, alisema heri aombe kimoyomoyo.

Wazazi wakapigiwa simu, wakapanda na tochi, kila mmoja akamshika wake mkono. Hakuna aliyetaka mtoto wake alale pale. Mmoja alimkabidhi Nyamai hema likiwa bado na vigingi, akamwambia, "Shika kitu yako, Mwalimu. Umetufundishia watoto kutopotea, na wako amepotea." Mwingine akasema mganga hajigangi. Nyamai alilipokea hema, akasema asante. Ile asante ilimuuma Mutanu kuliko matusi.

Wanaume wachache walibaki na wale wapishi wawili, wakatafuta usiku kucha bila kumpata.

Kulipokucha, ukungu haukuondoka. Ulibadilika rangi tu, ukatoka mweusi ukawa mweupe. Watu waliosimama kando ya moto walionekana nusu, kiuno kwenda juu. Mbwa wa Mulei, kijana avunjaye kokoto kule chini na aliyekuwa amekuja na kamba ndefu, aligoma kusogea karibu na jabali. Alilala chini akaweka pua katikati ya miguu.

"Wavinyaaa!" aliita Mutanu. Koo lake lilikuwa limeshakwaruza.

"Wavinyaaa," likasema jabali kutoka korongoni.

Kisha, juu, mahali fulani ndani ya ule weupe, kijiwe kikaviringika. Tak, tak, tak. Kikanyamaza.

"Wavinya!" aliita Nzisa. Jabali likamrudishia naye, na kijiwe kingine kikaviringika. Mutanu akakurupuka kuita tena, lakini Nyamai akamziba mdomo kwa kiganja, yeye ambaye tangu waoane hajawahi kumgusa kwa nguvu.

"Nyamazeni," alisema. "Wote. Nyamazeni kabisa."

Kukawa kimya. Hakuna jiwe lililosogea. Nyamai alingoja, kisha akamwashiria Mulei aite mara moja tu. Mulei akaita. Jabali likajibu. Mawe yakaviringika tena, na safari hii yalikuwa zaidi upande wa korongo.

"Ni yeye," Nyamai alisema, na uso wake ukawa wa majivu. "Yuko juu ya jabali. Anasikia tunamwita. Anakuja."

"Si aje!" Mutanu alisema.

"Haji kwetu, Mutanu. Yeye hatuoni, anafuata sauti, na sauti anaisikia ikitoka korongoni. Kila tukimwita anapiga hatua kwenda huko. Huko hakuna chini."

Mutanu alielewa. Usiku kucha alikuwa akimwita mwanawe, na kila jina alilolitoa kifuani lilikuwa limemsogeza mtoto kwenye ukingo. Akakaa kwenye nyasi zenye umande.

"Mwambie akae," alisema Pasta.

Nyamai alijaribu. Alifanya mikono yake pembe akapaaza, "Kaa hapo! Usije!" Jabali likayakatakata maneno, likarudisha mlio tu, mlio wa baba anayeita. Jiwe kubwa zaidi likaanguka. Walilisikia likianguka, halafu hawakulisikia likifika.

Hakuna aliyethubutu tena. Walisimama wanatazamana, watu wazima wote wale wenye mapafu yao, na walichoweza kumfanyia mtoto yule ni kumnyima sauti.

"Tukipanda kimya?" Mulei aliuliza kwa kunong'ona.

"Jabali ni pana, na huu ukungu. Tutamkanyaga au tumshtue. Lazima yeye atoe sauti tujue aliko." Nyamai alijikuna kichwa kwa mikono miwili. "Na hatatoa. Mtoto huyu hajui kumpigia mkubwa kelele. Nilimjaribu jana, wenzake wakacheka. Angekuwa mwenzake amemwita angemjibu."

"Na wenzake wameenda na mama zao, hata wangu ameshushwa na jirani," Nzisa alisema polepole.

"Mtu mkubwa aliyekuwa akipigiana kelele na Wavinya ni mmoja tu," Nyamai alisema. "Na tulimzika Aprili."

Alimaanisha mama yake mzazi, Kasiva. Kila mtu pale alikuwa amewasikia. Bibi na mjukuu hawana mipaka. Kwa utani ni wake wenza, wanagombania mume mmoja, babu aliyekufa zamani. Kasiva alikuwa akimtukana Wavinya kutoka kitandani kwake, na Wavinya akimrudishia kutoka uani bila kuacha kufua, na nyumba nzima ikicheka. Ni huko tu ambako yule mtoto alikuwa na koo.

Mutanu aliinua macho. Alimtazama Nzisa. Nzisa alikuwa tayari anamtazama yeye, na macho yao yalipokutana, Nzisa aliyaondoa yake.

"Mutanu," Nzisa alisema. "Wewe unaweza."

"Anaweza nini?" Nyamai aliuliza.

Mutanu alisimama, akajifunga leso vizuri kiunoni, akasogea mpaka kwenye mguu wa jabali, akaweka kiganja kwenye jiwe baridi. Alikohoa kidogo. Na sauti iliyotoka kinywani mwake ilikuwa ya mwanamke wa miaka themanini, kavu, ya puani, ya kupenya, yenye mcheko wa ubaya katikati.

"Wee mke mwenzangu! Jua limefika wapi na wewe umelala? Utaolewa na nani, mvivu wewe?"

Nyamai aligeuka ghafla. Hakumtazama mkewe. Alitazama nyuma yake, mle ukunguni, na ilimchukua muda kurudisha macho. Mbwa wa Mulei aliinuka akaondoka, hakukimbia, akatembea tu kuelekea nyumbani. Pasta Kimeu aliishika Biblia kwa mikono miwili.

Jabali likairudisha sauti kutoka korongoni. Mke mwenzangu. Kwa muda huo mfupi Kasiva alikuwa pande zote mbili.

Hakuna jiwe lililoviringika.

Kisha, kutoka juu, nyembamba, imekauka kwa baridi, lakini ni kelele, kelele kamili ya mtoto wa uani: "Nitaolewa na mzee wako! Wewe alishakuchoka!"

Nyamai alijiziba uso. Tangu Aprili alikuwa hajamsikia binti yake akipaza sauti hivyo.

"Kaa kitako hapo ulipo!" Mutanu alipaaza kwa ile sauti. "Usinikanyagie mbegu!"

"Nimekaa!"

"Usimwache anyamaze," Nyamai alimnong'oneza mkewe, huku akimpa Mulei ncha ya kamba. "Nitafuata sauti yake." Alisita. "Umejifunza wapi hiyo?"

"Nenda, Nyamai."

Wakaenda, wakizunguka jabali kwa upande wa nyasi. Ukungu uliwafunga baada ya hatua chache.

"Dada Mutanu," Pasta Kimeu alisema, "hii kitu si nzuri. Kusema na mdomo wa marehemu. Kuna roho zinapenda kuitwa hivyo. Hebu tuombe kwanza." Akainua mkono, akaanza kwa nguvu, "Baba, katika jina..."

"Pasta, nyamaza," Mutanu alisema, na kwa kuwa alikuwa hajabadilisha sauti, aliyemnyamazisha Pasta alikuwa Kasiva, aliyebatizwa na baba yake Pasta. Pasta alinyamaza.

Yule mwanamke wa jabali na yule mtoto wa juu waliendelea. Walitukanana kuhusu meno. "Nikupikie mahindi ya muthokoi utatafuna na nini?" aliuliza Wavinya, na Mutanu akamjibu kwamba ufizi wake ni mgumu kuliko kichwa cha Wavinya cha hesabu. Wanaume wawili walicheka kabla hawajakumbuka walicheka na nani. Lakini kila jibu la mtoto lilikuwa likija polepole zaidi kuliko lililotangulia. Baridi ilikuwa inamlaza.

"Susu," aliita. Hapo haikuwa matusi tena. Susu ni bibi, na hivyo ndivyo alivyomwita walipokuwa wamelala kitanda kimoja.

"Nini?"

"Huko kuna baridi?"

Waliokuwa kando ya moto walisogeleana. Mutanu alijibu kwa sauti ile ile. "Baridi ni ya nyinyi mnaotembea miguu wazi. Mimi nimejifunika."

"Mbona ulienda bila kuniaga?"

"Ningekuaga ungelia. Unajua vile sipendi kelele za kilio."

"Ni kweli," juu kulisema. Mutanu akafungua mdomo amchokoze asilale, lakini mtoto alimtangulia. "Susu, siku ile uliita maji."

Mutanu alifunga macho.

"Ulimwita mama. Uliita sana. Mama alikuwa jikoni na mama Nzisa na wale wanawake wengine wa chama. Akakuigiza. 'Mutanu, maji, Mutanu, maji.' Wakacheka. Mimi nilikuwa hapo mlangoni kwako. Ulisikia?"

Ukungu ulikuwa umebeba kila neno, wazi, kama limesemwa kando ya moto. Nzisa aliangalia viatu vyake. Wanaume waliangalia pembeni. Mahali fulani juu, Nyamai naye alikuwa anasikia. Ilibidi asikie, alikuwa anaifuata sauti hiyo hiyo. Mutanu alijua sasa mumewe ameshajua alikojifunzia. Miaka yote hiyo alikuwa amewachekesha wanawake kwa koo la mama mkwe, kwenye foleni ya maji, kwenye chama, hata kwenye matanga ya watu, na alikuwa hodari, hakuna aliyemfikia. Siku ile alipomaliza kucheka na kwenda na kikombe, Kasiva alikuwa amegeuzia uso ukutani. Maji aliyamwaga nje.

Angeweza kukataa. Angeweza kusema, hapana, sikusikia. Lakini alikuwa na sauti ya mtu ambaye hakuwahi kusema uongo wa adabu maishani mwake, na sauti hiyo haikukubali.

"Nilikuwa mgonjwa," alisema. "Sikuwa kiziwi."

"Ulisikia."

"Nilisikia."

Mtoto akauliza, "Umemsamehe?"

Hapo Mutanu alishindwa. Alishika ncha ya leso akajijaza nayo mdomoni, akaweka paji la uso kwenye jiwe. Mabega yalitikisika bila mlio. Nzisa akamsogelea, akamshika mgongo.

"Jibu, Mutanu," alinong'ona. "Mtoto analala. Sema ndio tu. Sema amesamehe."

Mutanu alitikisa kichwa. Neno moja lingetosha, na lilikuwa neno ambalo hakuwa na haki ya kulitamka kwa kinywa kile. Walisimama hivyo, yeye na leso yake mdomoni, Nzisa akimsihi, na jabali limekaa kimya juu yao.

Kisha kule juu Wavinya akacheka.

Hakikuwa kicheko cha kuweweseka. Alicheka kama alivyokuwa akicheka uani Kasiva akimshinda kwa jibu, kicheko cha kukubali kushindwa, na jabali likakirudisha kutoka korongoni. Watu walitazamana. Hakuna aliyekuwa amesema kitu. Kabla hawajaulizana, filimbi ya Nyamai ikalia huko huko kilipotokea kile kicheko, ikalia tena na tena, na Mulei akapaza sauti, "Tumemshika! Tumemshika!"

Nyamai alisimulia baadaye kwamba alimkuta amekaa kitako, magoti kifuani, ameangalia mbele. Alimshika kwapa kutoka nyuma, akamvuta, ndipo ukungu ukapasuka kidogo na yeye akaona miguu ya mtoto ilikuwa imeishia wapi.

Daktari wa zahanati alisema kifundo kimeteguka, basi, na baridi imemwingia lakini itatoka. Watu wakasema Mungu ni mkubwa. Jumapili Pasta Kimeu akatangaza kwamba hakutakuwa na kambi nyingine, na kwamba kuna nyumba moja inahitaji kuombewa sana, hataitaja. Wote wakageuka kutazama benchi la akina Nyamai. Nzisa hakugeuka. Alikuwa ameketi nao, benchi hilo hilo, na ilikuwa mara yake ya kwanza.

Nyamai alipitisha siku kadhaa akitengeneza ua ambao haukuwa umeharibika. Jioni moja tu alimuuliza mkewe, bila kuacha kupiga msumari, "Mama alikuwa anasikia?"

"Alikuwa anasikia."

Akapiga msumari mwingine. Hakumtukana, hakumrudisha kwao. Aliendelea na ua wake mpaka giza likamzuia kuona nyundo, na Mutanu angependa zaidi kama angemtukana.

Wavinya alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha Susu, mguu juu ya mto. Mutanu alikuwa akimkanda kwa maji ya chumvi, kitambaa mkononi. Ni mtoto aliyeanza, kwa ile sauti yake ya chini ya kila siku.

"Mama. Nilijua ni wewe."

Mkono wa Mutanu ukasimama. "Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Susu si amezikwa? Hata mchanga nilitupa mimi."

"Na ukajibu?"

"Nilifurahi kumsikia." Alijisogeza. "Na nilikuwa naogopa. Nilikuwa nasikia baba ananiita mbele, na sioni mbele."

Mutanu alichovya kitambaa, akakikamua. "Sasa kama ulijua ni mimi, mbona uliniuliza ile kitu mbele ya watu?"

Wavinya alifikiri. Hakuwa na ubaya usoni. "Nikiwa hapa na wewe hivi, mama, ningekuuliza aje?"

Ni kweli. Angemuuliza aje? Mtoto aliyelelewa. Mutanu aliinama juu ya ule mguu, akaukanda polepole, na machozi yakadondoka kwenye beseni.

"Usilie, mama. Ulinijibu vizuri hata. Vile Susu angejibu kabisa. Ndiyo maana nilicheka."

"Nilikujibu nini?"

"Nilipouliza kama amekusamehe." Wavinya akabinya pua, akajaribu ile sauti, akaikosa, akacheka kidogo. "Si ulisema, 'Nimsamehe vipi? Kwani amekuja kuniomba?'"

Kitambaa kilidondoka majini. Mutanu alimwangalia mwanawe, akatafuta usoni mwake utani au homa, hakuona hata kimoja. Alikumbuka ladha ya leso mdomoni. Alikumbuka mkono wa Nzisa mgongoni, ukimsihi aseme neno moja ambalo hakulisema.

Hakumwambia. Alimpangusa mguu, akaufunga, akamfunika blanketi mpaka kidevuni, kisha akatoka kwa mlango wa nyuma. Ukungu ulikuwa umeshuka tena mpaka kwenye mapaa. Kaburi la Kasiva liko chini ya mtaro wa mwisho wa kahawa, na tangu mazishi Mutanu alikuwa akipalilia shamba lote akiruka kona hiyo. Angeweza kuita akiwa mlangoni. Aliteremka mtaro mmoja baada ya mwingine kwa kupapasa, mpaka udongo ukawa laini chini ya miguu yake. Akapiga magoti pale. Hakupaza sauti.

"Mwaitu," alisema, kama anavyoitwa mama kwa Kikamba, na kwa sauti yake mwenyewe. "Uliniita. Nimekuja."